Paneli za milango ya Peugeot na Land Rover za zamani: usitupe kibao kilichooza

Msikilizaji mmoja wa Mkunya, wilayani Newala, alituandikia wakati wa kipindi cha asubuhi. Marehemu baba yake amewaachia Peugeot 404. Injini imefufuliwa, breki zinashika, taa zinawaka. Tatizo ni milango kwa ndani: vibao vimevimba, ngozi imepasuka, na ukifunga mlango vinacheza kama debe. Fundi amemshauri avitupe ashonewe vipya "vya kisasa". Akauliza: nikubali?

Hewani nilikuwa na nusu dakika, nikamjibu usitupe. Nilimwahidi maelezo marefu, ndiyo haya. Nimeyaandika pia kwa ajili ya wengine, maana tangu siku ile nimepata maswali ya namna hiyo kutoka Masasi, Nanyumbu na hata Nachingwea.

Paneli ni kitu gani hasa

Mlango wa gari kwa ndani ni bati lenye matundu makubwa. Humo ndimo vilimo kioo, kitasa na mitambo ya kupandishia kioo. Paneli ndiyo inayofunika matundu hayo. Katika magari ya zama za 404 na 504 imetengenezwa kwa tabaka tatu: kibao chembamba cha hadibodi, sponji nyembamba juu yake, halafu ngozi bandia. Kwa nyuma kuna klipu ndogo za chuma au plastiki zinazoingia kwenye vitundu vya mlango.

Ukiitazama vizuri paneli ya zamani utaona mistari iliyozama, na kati ya mistari ngozi imetuna kidogo. Watu wengi hudhani imeshonwa. Tafuta uzi, hutauona. Katika magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 mistari ile iligandishwa kiwandani kwa mashine iliyobana ngozi huku ikipitisha mawimbi ya umeme ya masafa ya juu, kwa kawaida karibu megahezi 27. Ni mawimbi ya ukoo mmoja na yale yanayoleta sauti yangu kwenye redio yako. Yanapasha plastiki joto kutoka ndani mpaka inashikana.

Ndiyo maana cherehani haiwezi kuirudisha. Fundi anayekuahidi "mistari ile ile" atakupa mistari ya uzi. Inaweza kupendeza, lakini ni kitu kingine. Ile ya kwanza ikishatupwa, imekwenda.

Kwa nini magari haya

Vijana huniuliza kwa nini mtu ahangaike na Peugeot wakati mitumba ya Kijapani imejaa. Peugeot 404 ilianza kuuzwa mwaka 1960, ikafuatiwa na 504 mwaka 1968. Zote mbili zilichorwa na Pininfarina wa Italia, na zote ziligundua kwamba barabara mbovu za Afrika Mashariki ndiyo nyumbani kwao. 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na madereva kutoka Tanzania, Bert Shankland na msaidizi wake Chris Rothwell. 504 nayo ikashinda 1975 na 1978. Ufaransa iliacha kutengeneza 504 ya kawaida mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuiunganisha kwa miaka mingi baadaye.

Huku kwetu magari haya hayakuwa ya mashindano. Yalipandisha chumvi na sabuni uwandani, yakashusha korosho, yakapeleka wajawazito hospitali ya Ndanda usiku wa mvua. Yaliyobaki ni machache, na mengi yamo mikononi mwa watoto wa waliyoyanunua.

Marekani wana hadithi yao. Wanayapenda magari yao ya miaka ya 1960 yenye injini kubwa, kama Pontiac GTO na Ford Mustang, yote ya mwaka 1964. Huko kuna viwanda vinavyotengeneza paneli mpya kwa kuiga zile za zamani, na kwenye mlango wa Mustang kuna kibati chenye herufi zinazoeleza rangi ya ndani gari lilipotoka kiwandani. Hata hivyo mtu mwenye paneli asilia iliyo nzima huthaminiwa kuliko mwenye mpya. Sisi hatuna duka la namna hiyo Masasi. Kwetu paneli mbovu uliyonayo ndiyo duka lenyewe.

Kosa langu mwenyewe

Nisijifanye mjuzi wa kuzaliwa. Mjomba wangu alipofariki alituachia Peugeot 504 pikapu, na kwa desturi zetu Wamakonde gari la mjomba si la kuchezea. Niliipeleka kwa fundi wa viti mjini. Alibandua paneli ya mlango wa kushoto, akachukua vipimo kwa macho, akashona mpya ya rangi ya kahawia yenye nakshi za almasi. Ile ya zamani nilimkuta mkewe ameichochea jikoni asubuhi iliyofuata. Sikumlaumu, sikuwa nimesema naitaka.

Paneli mpya haikufika pembeni. Klipu mbili hazikukuta vitundu vyake, akapigilia skurubu za mabati. Masika ya kwanza tu ikavimba chini.

Nilisimamisha kazi kabla hajagusa mlango wa kulia. Ile paneli ya kulia, pamoja na uozo wake wote, ndiyo iliyonifundisha haya ninayoandika. Nyuma yake mjomba alikuwa ameandika kwa penseli ya seremala tarehe aliyobadilisha kioo, na chini yake majina ya watu wanne na kiasi cha nauli wanachodaiwa. Wawili kati yao wangali hai. Sijawadai.

Anza na maji

Adui wa paneli ni maji yanayotoka ndani ya mlango wenyewe. Kila mvua inaponyesha, maji hupita kwenye mpira ulioko chini ya kioo na kuingia mlangoni. Hilo ni la kawaida, watengenezaji walilijua. Waliacha vitundu chini ya mlango ili maji yatoke, na wakabandika karatasi ya lami au nailoni kati ya bati na paneli ili kibao kisilowe.

Sasa fikiria gari lililoishi uwandani miaka arobaini. Mchanga wetu mwekundu umeziba vitundu. Mpira wa kioo umekauka na kupasuka. Ile nailoni ilichanwa na fundi aliyerekebisha kioo, hakuirudisha. Ukungu wa Newala wa asubuhi unamalizia kazi. Hadibodi hunyonya maji kama mkate kwenye chai, ikavimba, klipu zikang'oka, ngozi ikavutika na kupasuka.

Kwa hiyo kabla ya kugusa paneli, zibua vitundu kwa waya mwembamba. Kisha mimina maji kidogo kutoka juu kando ya kioo, uone yanatoka chini. Najua bei ya ndoo ya maji kule juu. Kikombe kimoja kinatosha. Mpira wa kioo ukiwa umekufa, tafuta mwingine kwanza. Ukitengeneza paneli nzuri juu ya mlango unaovuja, utarudi kuitengeneza tena mwakani.

Kuitoa bila kuivunja

Piga picha nyingi kwa simu, za karibu na za mbali. Picha moja iwe ya mkono wa kupandishia kioo wakati kioo kimefungwa kabisa, ili ujue ulikuwa unaelekea wapi.

Mkono huo huzuiwa kwa skurubu iliyofichwa chini ya kifuniko kidogo, au kwa klipu ya waya iliyo nyuma yake. Usiuchokonoe kwa bisibisi. Kama ni klipu, pitisha kitambaa chembamba nyuma ya mkono, kishike ncha mbili, ukivute huku na huku kama unayesugua kiatu. Kitambaa kitainasa klipu na kuirusha. Funika kwa mkono mwingine, maana ikianguka mchangani hutaiona.

Ondoa egemeo la mkono na kitasa cha ndani. Skurubu za kila kitu zitie kwenye kifuko chake, uandike. Halafu ingiza kitu bapa kilichofungwa kitambaa, kijiko cha chuma kinafaa, kati ya paneli na mlango. Tafuta klipu moja, bandua karibu nayo kabisa, kisha nenda kwenye ya pili. Anayeshika pembe na kuvuta kwa nguvu huacha klipu mlangoni na vipande vya kibao juu yake.

Kibao kikitoka vipande, okota vyote hadi unga. Vipange juu ya karatasi kubwa vilivyokuwa. Hiyo ndiyo ramani yako.

Kusafisha ngozi

Maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya kuoshea mikono, brashi laini ya viatu isiyo na rangi. Basi. Sugua polepole, futa kwa kitambaa kibichi, kausha kivulini.

Usitumie petroli, mafuta ya taa, wala tina. Vinaonekana kusafisha vizuri sana siku ile. Kinachotoka pamoja na uchafu ni yale mafuta yaliyofanya plastiki iwe laini, na baada ya miezi michache ngozi inakuwa ngumu na kukatika kama gamba la muhogo. Dawa za kung'arisha dashibodi nazo ziache mpaka kazi iishe, kwa sababu gundi na rangi havishiki juu yake.

Doa la maji ya mabibo kwenye ngozi bandia hutoka ukiliwahi. Kwenye kitambaa halitoki, usijichoshe.

Mpasuko usiushone. Kila tundu la sindano kwenye plastiki ya zamani ni mwanzo wa mpasuko mwingine, na mstari wa mishono hukatika kama stempu. Weka kiraka cha kitambaa chembamba cha pamba upande wa nyuma, ukipake gundi inayonyumbuka, uzikutanishe kingo za mpasuko juu yake, ubane kwa kibao na jiwe usiku kucha. Mstari utaonekana ukitazama kwa karibu. Mimi naona ni heri mstari unaoonekana kuliko ngozi mpya yote.

Kibao kipya, ngozi ya zamani

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo mafundi wengi hukata tamaa mapema.

Kwanza tazama kama kibao kinaokoleka. Kikiwa kimevimba pembeni tu, kikaushe kivulini siku kadhaa, kikandamize kati ya mbao mbili zenye uzito, kisha ukinyweshe gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo. Kandamiza tena hadi kikauke kabisa, upige msasa. Nimeona kingo zilizokuwa laini kama ugali zikirudi kushika klipu.

Kikiwa kimeoza, ngozi lazima ihame. Weka paneli juani, ngozi ikiangalia juu, hadi plastiki ilainike. Jua la Masasi la saa sita mchana halina mpinzani kwa kazi hii, dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha. Usitumie moto wala pasi moja kwa moja. Anza kubandua kwenye kingo zilizokunjwa nyuma, taratibu, huku ukikwangua kibao kilichooza kiachane na ngozi, wala usiivute ngozi iachane na kibao. Ukifika kwenye mistari iliyogandishwa utakuta ngozi na sponji vimeshikana kabisa. Usivitenganishe. Viache pamoja vihame kama kitu kimoja.

Kwa kibao kipya tafuta hadibodi ya milimita 3. Shiti zima la futi 4 kwa 8 linatosha milango kadhaa, kwa hiyo wenye magari wawili watatu mnaweza kuchangiana. Laza mabaki ya kibao cha zamani juu yake, chora kwa penseli ya ncha kali, kila tundu la klipu, la mkono wa kioo na la skurubu. Tundu likikosea kwa nusu sentimita, klipu haitaingia. Ni kosa lile lile lililoniletea skurubu za mabati.

Kama umepoteza paneli ya mlango mmoja kama mimi, ile ya upande wa pili inaweza kuwa kiolezo. Igeuze kifudifudi kisha uchore, maana kulia na kushoto ni kama viganja. Kabla ya kukata, lipime umbo hilo kwanza kwa katoni kwenye mlango wenyewe. Kwenye pikapu yetu mstari wa nje ulifanana, lakini matundu mawili yalipishana.

Baada ya kukata, paka vanishi pande zote mbili, na kwenye kingo mara mbili zaidi, kwa sababu kingo ndizo zinazokunywa maji. Kuna mtu aliniambia apake mafuta ya ganda la korosho kwa kuwa yanazuia mchwa. Ni kweli mchwa hawayapendi, lakini yanababua ngozi ya mtu na kuacha madoa meusi, na hiki ni kitu ambacho mtoto ataegemeza mkono. Yaache kwenye nguzo za zizi.

Gundi na rangi

Gundi ya njano ya mafundi viatu inafaa. Paka nyembamba kwenye kibao na nyuma ya ngozi, subiri mpaka ukigusa haikushiki kidoleni, ndipo uzikutanishe. Ikishagusana haisogei tena, basi anza katikati kwenye ule mstari uliogandishwa, uende pembeni ukifukuza hewa kwa kiganja. Fanya kazi nje au chini ya mti. Mvuke wake unalevya na unashika moto haraka, kwa hiyo pasiwe na sigara, jiko la mkaa wala watoto karibu.

Rangi ya kweli ya paneli huijui kwa kutazama katikati yake. Jua limeshaipausha. Angalia chini ya egemeo la mkono na kwenye ukingo uliokunjwa nyuma: pale ndipo rangi ilivyotoka kiwandani. Ile paneli ya mjomba niliyoijua kuwa ya kijivu-kahawia ilikuwa, chini ya egemeo, rangi ya mchanga wa baharini. Ukitaka kuipaka, tumia rangi maalumu ya plastiki na ngozi bandia, tabaka nyembamba, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Rangi ya mafuta ya milango ya nyumba hukatika vipande baada ya wiki chache. Kama pauko si kubwa, mimi ningeacha.

Spika

Naishi kwa redio, na hili nalisema kwa uchungu: acheni kukata paneli za zamani ili kuweka spika. Tundu la inchi sita kwenye mlango wa 404 haliondoki. Spika zinaweza kukaa kwenye kasha chini ya kiti na kipindi chetu kikasikika vilevile. Kama tundu lilishakatwa na kile kiduara unacho, kirudishe, uweke kibao nyuma yake na gundi. Kovu litabaki.

Wenye Land Rover

Kwenu nina neno fupi. Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948 ilikuwa gari la shamba, na bodi yake ilitengenezwa kwa alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Nyingi za kazi zilitoka kiwandani milango ikiwa mitupu kwa ndani au na kipande kidogo tu cha kufunika. Nimeona ya shirika moja imeshonewa milango minene ya ngozi nyekundu kama kochi la sebuleni, na mwenye nayo akaniambia ameirudisha kwenye uasilia. Kabla ya kuagiza chochote, tafuta alama za klipu kwenye bati. Zisipokuwepo, hakukuwa na paneli, na bati tupu lililopakwa rangi vizuri ndiyo hali yake halisi.

Kurudisha

Weka nailoni mpya kwanza, ile nene ya kujengea. Ukingo wake wa chini uingize ndani ya mlango, usiuache ukining'inia nje, ili tone likiteremka lidondokee ndani na kutoka kwenye vitundu. Mafundi wengi hukosea hapo tu, na kazi yote inaoza.

Klipu zilizopoteza nguvu zikunje kidogo kwa koleo. Zilizovunjika tafuta za kufanana kwenye magari mengine ya kukatwa. Kipimo cha tundu ni muhimu kuliko jina la gari. Gonga kila klipu kwa kiganja, usitumie nyundo.

Kama paneli imeshindikana kabisa ukashona mpya, andika kwa nyuma tarehe na jina la fundi, na siku ukiuza gari umwambie mnunuzi ukweli. Ile ya zamani mpe pamoja na gari. Ukiibakiza nyumbani, ifunge kwa shuka, uilaze bapa juu ya kichanja au dari. Usiisimamishe kwenye sakafu ya udongo: mchwa wataimaliza kwa wiki mbili na kukuachia ngozi tu.

Mwisho rudisha mkono wa kioo, uelekee kama ulivyo kwenye picha. Wa mjomba unaelekea mbele na juu kidogo, kwa sababu alizoea kuufikia bila kutazama.